Merikebu Isiyonguruma

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Húsavík, mji mdogo wa wavuvi kaskazini mwa Aislandi, wenyeji watakuhimiza utazame kwanza kanisa lao la mbao la mwaka 1907. Kanisa litakungoja. Teremka gatini. Ikiwa haijatweka matanga kwenda Greenland, utaikuta merikebu ya mbao yenye milingoti miwili, jina lake Opal. Iliundwa Ujerumani mwaka 1951 kwa kazi ya uvuvi. Mwaka 2015 ikafungwa mota ya umeme na betri, ili ichukue watu kwenda kutazama nyangumi.

Panda, lakini jifunike vizuri. Hata mwezi Juni, jua likikataa kutua, upepo wa Ghuba ya Skjálfandi hupenya sweta mbili. Kamba zikifunguliwa utangoja kusikia mashine, nawe hutasikia kitu. Hakuna moshi wa dizeli, hakuna mtetemeko miguuni. Ukiwa umekaa tezi, utamsikia mtu akikohoa omo.

Betri hizo hujazwa usiku gatini, na umeme wa Aislandi karibu wote ni wa nguvu za maji na mvuke wa ardhini. Lakini ajabu yenyewe iko baharini. Matanga yakishajaa upepo, maji huizungusha rafadha, rafadha nayo huizungusha mota, na mota hugeuka kuwa mtambo wa kuzalisha umeme. Wala si bure: rafadha hiyo hukikokota chombo, na mwendo hupungua.

Upepo ukikoma, hapo ndipo nahodha apatapo kazi. Kilo moja ya dizeli ina nishati mara nyingi kuliko kilo moja ya betri. Akitaka kuongeza mwendo mara mbili, nguvu inayotakiwa huweza kufika mara nane, na umeme utamwishia mbali na bandari. Basi huenda polepole, akikitazama kipimo cha betri kama baba mwenye nyumba atazamavyo mshahara uliobaki tarehe 20.

Faida yake utaiona nyangumi wa nundu atakapoibuka. Jamaa zake hupita Unguja wakati wa kusi. Mnyama huyu hutegemea sana masikio, na sauti hukimbia majini zaidi ya mara nne kuliko hewani. Tangu watazamaji waanze kupelekwa kutoka mji huu mwaka 1995, amefuatwa sana na mashua za dizeli. Fikiri, ndugu, mgeni aliyekuja kukutazama tu, naye akatwanga kinu mlangoni pako mchana kutwa!

Safari hii utaisikia pumzi yake kabla hujamwona: mvumo mzito, kama tairi la lori linalotolewa upepo, na harufu ya samaki waliovunda. Watoto huziba pua wakicheka. Kisha mkia huinuka, hudondosha maji, huzama. Hubaki duara laini juu ya bahari, na watu chomboni wakinong'ona, ingawa hakuna aliyewaamuru.