Je, Moto Ukizuka Utapitia Wapi?

Mpenzi msomaji, umewahi kuona mafuta ya karai yakishika moto? Mimi niliyaona katika Soko la Burma, Jumamosi moja nilipokwenda na kifungua mimba wangu kununua nyama. Kwa kiherehere, nilinyakua ndoo ya maji. Mzee mmoja akanikamata mkono.

"Wacha, kijana! Unataka kutuchoma?"

Akalifunika karai kwa sinia, akayaondoa makaa. Moto ukafa. Masomo yangu yote hayakuwa yamenifunza kwamba maji yakiingia katika mafuta yanayowaka, hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha kila upande.

Kuna wenzetu wanaojifunza mambo kama haya bila kuungua. Huko Australia, kampuni ya FLAIM, iliyochipuka katika Chuo Kikuu cha Deakin, huunda mafunzo ya wazimamoto kwa miwani ya kompyuta. Mwanafunzi akiivaa, huona moto na moshi mbele yake. Fulana yake hupata joto, na mpira wa maji humsukuma kama wa kweli. Akikosea, huanza upya. Hakuna anayezikwa.

Lakini nauliza: mtaalamu akija kuwaundia wazimamoto wetu mafunzo hayo, atachora nini? Jumba lenye milango mipana? La hasha! Achore Burma: vichochoro vyembamba, mikokoteni, magunia ya makaa na wachuuzi wanaorudi ndani mbio kuokoa mali. Na awaulize wachuuzi wenyewe, maana ndio wanaozijua njia. Si mbali na hapo, katika soko la Gikomba, moto wa usiku wa manane Juni 28, 2018 uliwaua watu wasiopungua 15.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Nasi nyumbani tunaweza kufanya mazoezi bila miwani yoyote. Jioni moja nilizima taa, nikawaambia watoto watambae hadi mlangoni, kwani moshi hupanda juu na hewa nzuri hubaki chini. Kifungua mimba alitangulia kufika. Akausukuma mlango, haukufunguka. Madirisha yetu yana vyuma, kama ya majirani wote.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Siku hizi unaning'inia msumarini kando ya mlango, mahali ambapo hata kitinda mimba anaufikia. Je, wako uko wapi, msomaji?