Huruma Iozeshayo Mizizi

Katika nyufa za miamba ya milima ya Andes, nchini Bolivia na kaskazini mwa Ajentina, huota mmea wa jamii ya mpungate uitwao Blossfeldia liliputana. Ndio mdogo kuliko wote katika jamii hiyo: kipenyo chake aghalabu huwa kati ya sentimita 1 na 1.5, wala hauna miiba. Jina lake la pili, ulilopewa mwaka 1937, linatokana na Lilliput, nchi ya watu wadogo aliyoibuni Jonathan Swift. Kiangazi kinaposhtadi, mmea huu husinyaa hata ukadhaniwa umekufa. Mvua inaporejea, hunywa ukanawiri tena.

Hapo ndipo penye mtihani wa mtunzaji. Asiyeujua huuona umesinyaa, huruma ikamwingia, akaumiminia maji kila siku hadi mizizi ikaoza. Aujuaye huupanda katika changarawe isiyotuamisha maji, huunywesha tu ikishakauka, na majira ya baridi huuacha ulale. Aidha, huuotesha kwa mbegu badala ya kununua uliong'olewa mwambani. Hakika, si kila kilichosinyaa kinaomba maji. Kutunza ni kujua kwanza tabia ya kinachotunzwa.