Mazuku

Mtu akitajiwa mlima Nyiragongo hufikiri moto tu. Nasi tuliozaliwa Goma hatuwezi kumlaumu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji wetu, na watu maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena. Lakini moto huonekana. Mimi nataka kueleza habari za pumzi ya ardhi yetu, isiyo na rangi wala harufu.

Kwetu huitwa mazuku. Ni hewa ukaa itokayo chini kwa nyufa za mawe ya volkano, hasa kando ya ziwa Kivu, magharibi ya Goma kuelekea Sake. Kwa kuwa uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, hutulia mashimoni mfano wa maji katika bakuli. Usiku na alfajiri, pasipo upepo, shimo hujaa. Ndiyo sababu mtu mzima aweza kupita amesimama, na mbwa wake akaanguka miguuni pake. Mtoto naye ni mfupi, hesabuni wenyewe.

Vitabuni tunasoma kwamba mwaka 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulirusha gesi ya salfa juu sana angani, hata dunia ikapoa kadiri ya nusu digrii. Hayo ni makubwa. Haya yetu ni ya bondeni, ila wataalamu wa nchi za mbali, wakiyaandika kwa lugha zao, hutumia neno letu hilo hilo, mazuku.

Shangazi yangu alipoteza mbuzi wawili katika kibonde nyuma ya shamba lake. Hawakuwa na jeraha. Basi maneno yakaanza: jirani mmoja, mzee aliyefiwa na mkewe, akatajwa kuwa mchawi, na vijana wakawa wakirusha mawe juu ya bati lake usiku. Ndipo mwalimu mmoja alipofunga taa ya mafuta kwenye kamba ndefu, akaiteremsha kibondeni kabla ya jua kuchomoza, mbele ya watu wote. Ilipofika chini ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika tena. Mara ya tatu mzee yule aliomba aishike kamba yeye mwenyewe.

Shangazi alizungushia mahali pale ua wa miiba, na watoto wa nyumba zote mbili huambiwa wasishuke humo kufuata mbuzi wala mpira, hata mchana.