Posa, Kabila na Neno "Mgeni" katika Bonde la Kilombero

Sisi wakazi wa Ifakara tuna neno moja linalotutoka kwa wepesi: wageni. Hatumkusudii msafiri aliyeteremka jana katika stesheni ya TAZARA. Twamkusudia mfugaji wa Kisukuma aliyeishi bondeni miaka thelathini, ambaye wanawe wamezaliwa hapa, na baadhi yao huswali nasi safu moja siku ya Ijumaa. Huyo ni mgeni, na mwanawe ni mgeni, wala hatujaambiwa ni mjukuu wa ngapi atakayeitwa mwenyeji.

Na mwenyeji ni nani? Wandamba walivua na kulima kando ya mto huu kabla ya wengi wetu. Wambunga, ambao Ifakara huhesabiwa kuwa mji wao, waliingia kwa vita katika karne ya 19, wakati wa misukosuko ya Wangoni. Kiwanda cha sukari cha Kidatu kilileta watu wake, reli ikaleta wa kwake katika miaka ya 1970. Hata jina "Msukuma" asili yake ni mtu wa kaskazini: limetaja upande, halikutaja damu. Waingereza ndio waliozidi kuyakaza majina haya, walipotunga mwaka 1926 sheria ya kutawala kupitia wakuu wa makabila. Mamlaka ya machifu yaliondolewa mwaka 1963, na sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumwuliza Mtanzania kabila lake. Barazani bado tunaulizana.

Hatusemi kwamba mgogoro wa bonde ni wa kubuni. Mkulima ambaye mpunga wake umeliwa na ng'ombe usiku mmoja ana haki ya kulalamika. Bonde hili liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar, na mwishoni mwa 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo. Lakini ugomvi wa maji na malisho hupimika: ng'ombe wangapi, shamba la nani, fidia kiasi gani. Ubaguzi huanza pale kosa la mchungaji mmoja linapoandikwa juu ya kabila zima, hata juu ya asiyemiliki mbuzi.

Hilo tumelishuhudia mwaka huu, sisi wawili, mume na mke, tulipoombwa kuwa washenga wa kijana wa Kisukuma. Ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga, ameshika dini yake, na hana ng'ombe hata mmoja. Baba wa binti alitupokea kwa heshima. Baba yake mkubwa ndiye aliyesema, "Ndugu zangu, leo tutampa binti, kesho watatuletea ng'ombe." Waliokuwepo wakacheka, wakasema ni utani. Sivyo. Utani una watani wa pande mbili, na mtani hukuzika. Kule kicheko kilikuwa cha upande mmoja.

Alipoona dhihaka haitoshi, mzee alishika neno la kisheria: kijana si kufu. Hapa ndipo tunapotaka familia zitusikilize. Ni kweli kwamba vitabu vya madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, vimetaja nasaba katika mambo ya kufu. Vitabu hivyo hivyo vimesema kwamba kufu ni haki ya mwanamke na mawalii wake, nao waweza kuisamehe. Wafuasi wa Imamu Malik waliitazama dini zaidi. Na imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Abu Hudhaifa, Mkuraishi wa ukoo mkubwa, alimwoza Salim, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, binti wa ndugu yake mwenyewe. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat, ambayo husomwa katika hotuba nyingi za ndoa, imetaja makabila kuwa ni kwa ajili ya kujuana. Mzee anaijua aya hiyo kwa moyo.

Mtaalamu wa Norway, Fredrik Barth, aliandika mwaka 1969 kwamba kabila hudumu kwa mpaka ambao watu huuchunga baina yao na wengine, kuliko kwa mila zilizomo ndani yake. Tukiutafuta mpaka huo Ifakara hatuuoni sokoni, wala msikitini, wala shuleni. Tunauona kwenye posa. Msukuma atakukobolea mpunga, utamwitikia "Amin" akiwa imamu, lakini binti ni jambo jingine.

Binti mwenyewe hakuulizwa kikaoni. Alipoulizwa baadaye, faragha, na mmoja wetu ambaye ni mwanamke mwenzake, alisema ameridhia, na kwamba baba yake anajua. Baba ametuomba tusubiri mpaka mpunga uvunwe. Barua ya posa iko kwake, hajairudisha.