Dadaab: Hatua thelathini za kwenda chooni

Ukiabiri basi la Garissa kutoka mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, jiandae kwa safari ya kilomita 370 hivi. Utaipita Thika, utaipita Mwingi, vilima vitakuaga kimoja kimoja na joto litaanza kukukaribisha. Pale Madogo utavuka daraja la Mto Tana, maji yake rangi ya chai ya maziwa, na mara utakuwa Garissa mjini. Hapo shuka unyooshe miguu. Kunywa chai, onja nyama ya ngamia, kwa maana zimesalia kama kilomita 100 kufika Dadaab, na huko mchanga ndio mwenyeji.

Wengi wetu twaijua Dadaab kwa habari za redioni: ukame, vita ng'ambo ya mpaka, tangazo la kufunga kambi, kesi mahakamani. Leo nakuomba twende kwa shughuli nyingine kabisa. Twende tukaitazame njia ya kwenda chooni.

Usicheke. Njia hiyo ina habari kubwa, na ukifika mwisho wa makala haya utaona kwamba inapita hata nyumbani kwenu.

MAKAO YA MUDA YALIYOZEEKA

Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka na watu wakatawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Zote tatu zilikusudiwa watu 90,000, tena kwa muda tu, hadi mambo yatulie. Mambo hayakutulia. Wakati wa njaa ya mwaka 2011 wakazi walipita 400,000, na hadi leo bado wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Sasa piga hesabu nami. Mama aliyevuka mpaka wa Liboi mwaka 1991 akiwa na miaka 40, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, leo amepita 70. Yule wa mgongoni ana watoto wake. Nyumba ya muda imegeuka nyumba ya kuzeekea. Huyu ndiye ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Jina lake sitalitaja kwa sababu akina ayeeyo wa namna hii ni wengi mno.

Tuseme ni saa nane za usiku, naye ameamka kwa haja ndogo.

Nyumba ni ya fito zilizopindwa na kufunikwa maturubai na nguo, au ni ya matofali ya udongo na bati. Ndani ni giza totoro. Analala karibu na ardhi, kwa hiyo kwanza lazima ainuke, na magoti yenye baridi yabisi hayapendi kuamrishwa ghafla. Anaposimama kichwa kinamzunguka kidogo. Huenda ni dawa ya shinikizo la damu, huenda ni maji machache aliyokunywa mchana, huenda ni vyote viwili. Anapapasa. Hapa kuna mtungi wa maji wa lita 20, pale kuna kigoda, na katikati amelala mjukuu.

Mlango ni mfupi, sharti ainame. Kizingiti kimeinuliwa ili maji ya mvua yasiingie, sharti anyanyue mguu. Kuinama na kunyanyua mguu kwa wakati mmoja ni kazi hata kwa kijana. Nje zipo kamba za kuvutia turubai, zimefungwa kwenye vigingi kimo cha kifundo cha mguu. Iko kamba ya mbuzi. Kuna shimo ambalo watoto walilichimba mchana wakicheza. Ndara zake zimelika kisigino, na mtandio umeshuka hadi chini. Jicho moja lina mtoto wa jicho, kwa hiyo mwanga wa mwezi anauona kama ukungu.

Choo kiko hatua 30 kutoka mlangoni, kando ya ua wa miiba. Akifika, sharti achuchumae pasipo na kitu cha kushika, kisha ainuke tena. Halafu zipo hatua 30 za kurudi.

Na hapo sijazungumzia mvua. Waliokuwako Ifo mwishoni mwa mwaka 2006 wanakumbuka jinsi mafuriko yalivyozoa nyumba na vyoo. Hata mvua ya kawaida tu ikinyesha, udongo ule huteleza kama sabuni.

HESABU YA VITU VIDOGO

Ayeeyo akianguka usiku huo, asubuhi majirani watasema, "Ni uzee." Wengine watasema ni ajali. Kumbe si uzee peke yake wala si ajali tupu.

Mwaka 1988 daktari Mmarekani, Mary Tinetti, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 336 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, waliokuwa wakiishi majumbani mwao. Katika mwaka mmoja, karibu theluthi moja yao walianguka. Lakini la ajabu lilikuwa hili. Walihesabu mambo yanayomweka mzee hatarini: dawa za usingizi, akili iliyoanza kusahau, udhaifu wa miguu, matatizo ya nyayo, kuyumba katika kutembea na kadhalika. Mzee asiye na hata moja, uwezekano wake wa kuanguka ulikuwa asilimia 8. Mwenye manne au zaidi ulifika asilimia 78.

Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walinena, na kibaba hiki kikijaa humwangusha mtu. Jicho bovu peke yake mtu hulizoea. Ndara iliyolika peke yake huvumilika. Zikutanishe jicho, ndara, kizunguzungu, kamba na giza, kisha utashangaa mzee aliwezaje kusimama muda wote huo.

Habari njema ni kwamba kibaba chaweza kupunguzwa. Huwezi kumrudishia ayeeyo miaka yake 40, lakini kamba waweza kuihamisha.

KUANGUKA SI KUANGUKA TU

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani. Waliozidi miaka 60 ndio wanaokufa zaidi.

Mfupa wa mzee, hasa mwanamke aliyekoma hedhi, huwa umepungua uzito na kukauka. Nyonga ikivunjika, mara nyingi hutakiwa upasuaji. Kambini kuna hospitali, lakini matibabu makubwa huenda yakahitaji rufaa ya kwenda Garissa au Nairobi, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha safari. Wakati huo nani anamtazama mjukuu mama yake akienda kuteka maji, kutafuta kuni au kupanga foleni ya mgao? Ni ayeeyo. Akilala yeye, nyumba nzima imelala.

Lipo na jeraha lisiloonekana kwa macho, nalo ni woga. Mzee aliyeanguka mara moja huogopa kutembea. Hukaa. Akikaa sana miguu hulegea, na miguu ikilegea huanguka tena. Wengine huficha kabisa kwamba walianguka, wasije wakakatazwa kutoka. Kwa hiyo usingoje uambiwe. Uliza kwa adabu, "Ayeeyo, tangu mwaka jana umepata kuanguka, hata kama hukuumia?" Aliyeanguka mara moja yu karibu zaidi kuanguka tena.

DAWA ISIYOUZWA DUKANI

Yafanyike nini, basi? Mengi hayana gharama kubwa.

Kwanza mwanga. Tochi au taa ndogo ya jua iwekwe pale mkono wake unapofika kabla hajainuka. Pili, njia. Kamba za turubai zihamishwe upande asiopita au zifungwe vitambaa vyeupe vionekane. Mashimo yafukiwe na mbuzi afungwe mbali. Tatu, cha kushika: nguzo mbili imara chooni, na kamba nene iliyokazwa kiunoni kutoka mlangoni hadi huko. Kwa usiku wa mvua, chombo cha haja ndogo kando ya kitanda si aibu.

Nne, bakora. Wasomali nao huiita bakoorad, kwa hiyo hapo hakuna haja ya mkalimani. Iwe ya kimo chake na ncha yake isiteleze. Tano, macho yapimwe, kwa kuwa mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi. Sita, dawa zake zote zipelekwe kwa mganga wa zahanati azitazame kwa pamoja, hasa za usingizi na za shinikizo la damu. Asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Afundishwe pia kuketi kidogo kabla ya kusimama.

Saba, mazoezi. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee wanaoishi nyumbani kwa asilimia 23 hivi, hasa yale ya kujipima mizani na kuimarisha miguu. Kuketi kwenye kiti na kuinuka mara kumi, polepole, mtu akiwa karibu, ni mwanzo mzuri.

TURUDI NYUMBANI

Sasa basi letu limerudi Eastleigh. Unapanda ngazi za gorofa ya nne, umeme umepotea, na bibi yako anaishi juu. Sakafu ya bafu ni ya vigae na ina povu la sabuni. Zulia la sebuleni limekunjika pembeni. Waya wa televisheni umepita katikati ya njia. Viatu vya watu sita vimerundikwa mlangoni. Je, hii siyo ile kamba ya turubai kwa jina jingine?

Huenda wanafunzi mko nyumbani. Nawapa kazi moja. Usiku wa leo, kabla ya kulala, zimeni taa mtembee njia ile ambayo nyanya yenu huipita akiamka saa nane. Anzeni kitandani pake mpaka chooni, na mrudi. Kila mtakapojikwaa, wekeni alama. Kesho asubuhi ondoeni kitu hicho.

Hesabuni na hatua. Huenda zisifike 30, lakini zihesabuni.