Wachezaji wangu wa Leeds ambao sikuwahi kuwaona wakicheza

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hizi, kazi za chumba cha habari zimenibana. Leo naomba tuwaweke Simba na Yanga kando kidogo. Kuna mdau aliniuliza ukiacha soka nashabikia nini, nikamjibu raga, akacheka sana. Sasa ngoja nijieleze.

Septemba 2022 nilikwenda Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kusoma shahada ya pili. Mzee aliyenipangisha chumba alikuwa mshabiki wa Leeds Rhinos tangu utotoni. Wiki ile ile niliyofika, timu yake ilifungwa na St Helens 24-12 kwenye fainali kuu, nyumba ikawa kama ina msiba. Nikashangaa, raga gani hii? Maana mimi nilijua ile ya wachezaji 15. Hii yao ni ya 13. Ilianzia Huddersfield mwaka 1895, vilabu vya kaskazini vilipojitoa kwenye chama cha raga kwa sababu wakubwa walikataa wachezaji wafidiwe mshahara wa siku walizokosa kazini. Wengi walikuwa watu wa migodini na viwandani, sasa wakale wapi? Hapo tu nikawa nimeshachagua upande.

Sheria zenyewe si ngumu. Timu ikiangushwa na mpira mara sita, wapinzani wanauchukua. Na bao lao wanaliita trai.

Tatizo ni kwamba nilifika karamu imekwisha. Kati ya 2004 na 2017 Leeds walitwaa ubingwa mara nane, na wengi wa walioutwaa walikuwa wameshastaafu. Kwa hiyo mimi nimewaona kwenye kanda za video tu, jioni, na mzee pembeni akisimulia. Alikuwa anamwabudu Ali Lauitiiti, jitu la New Zealand ambalo likiwa limekabwa na watu watatu bado linachomoa mkono mmoja na kutoa pasi. Kulikuwa pia na Jamie Peacock, aliyetufunga akiwa na Bradford kwenye fainali ya 2005, halafu msimu uliofuata akahamia kwetu. (Ndiyo, nasema "kwetu". Nizoeeni tu.) Hebu fikiria beki wa Yanga anawafunga Simba fainali, kisha anavuka Msimbazi na anapendwa kweli kweli.

Lakini wangu mimi ni Rob Burrow. Urefu wake ulikuwa mita 1.65, na huo ni mchezo wa watu wenye shingo kama magogo. Mimi nilikatwa timu ya sekondari kwa kuambiwa ni mfupi, kwa hiyo mnaelewa. Tafuteni fainali ya 2011, Leeds na St Helens. Leeds walikuwa wamemaliza ligi nafasi ya tano, na Burrow alianzia benchi. Anaupata mpira mbali kabisa na lango, anainama, anapita chini ya mikono ya mabeki kama mtoto anayekimbia viboko, anamkwepa beki wa mwisho, trai. Leeds walishinda 32-16, na waandishi wote waliopiga kura walimchagua yeye mchezaji bora wa fainali. Sisi waandishi kukubaliana jambo moja! Mmeshawahi kuona?

Alistaafu 2017. Desemba 2019 akaambiwa ana ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, ambao hauna tiba. Nilipofika mimi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu na sauti ilishapotea, anaongea kwa mashine.

Mei 14, 2023 ilifanyika mbio ndefu ya Leeds yenye jina lake. Nahodha wake wa zamani, Kevin Sinfield, alimsukuma kilomita zote 42. Karibu na utepe akasimama, akamnyanyua kwenye kiti, akavuka naye mikononi, akambusu shavuni. Wanaume wa Yorkshire hawalii hadharani, mzee alikuwa ameniambia. Siku ile alilia.

Mimi nililia kwa sababu nyingine. Miezi miwili kabla, baba alikuwa amepigwa na kiharusi nyumbani Morogoro. Kaka alikuwa akimbeba kutoka kitandani hadi barazani kila asubuhi, na mimi nipo Ulaya nasoma vitabu. Nilikuwa napiga simu, wanamwekea sikioni, nasikia pumzi tu.

Burrow alifariki Juni 2, 2024, akiwa na miaka 41. Magazeti mengi yalitoa picha ya ule utepe. Ni picha nzuri, sikatai. Ila mzee alinipigia simu akiwa amekasirika. Akasema, vijana watadhani alikuwa mgonjwa tu, wakati huyu jamaa alikuwa anawaumbua watu wenye kilo 110!

Maneno yale yalinichoma, maana hapa nyumbani ni hivyo hivyo. Wageni wanakuja kumwona baba, wanampa pole, kisha wanaongea juu ya kichwa chake kama hayupo. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi. Hakuna anayemkumbusha kwamba alikuwa kipa wa timu ya mtaa, na kwamba kuna Jumapili moja alipangua penati mbili mfululizo, watu wakambeba hadi nyumbani kwa bibi.

Basi Jumapili iliyopita nikakaa naye barazani, nikamfungulia trai ya 2011 kwenye simu. Sikumweleza ni nani. Aliangalia mpaka mwisho, uso umekunjamana kama zamani akikagua daftari zetu. Kisha akanyanyua mkono wake mzima, akagusa kioo. Nikadhani amechoka, nikataka kuizima. Akaupiga mkono wangu.

Alikuwa anataka irudiwe.