Mwachie Bibi Kijiko



Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa huenda mara moja kwa mwezi kuwahudumia wazee katika makazi yao. Tunawafulia, tunawaogesha, tunawakata kucha, tunaomba nao. Mimi, kwa kuwa ni muuguzi, huachiwa wale walio wagonjwa zaidi. Mmoja wao ni bibi aliyepata kiharusi akapooza upande wa kulia. Mkono ulikuwa umeanza kurudiwa na nguvu kidogo, lakini bado nilikuwa namlisha. Tena nilijivunia wepesi wangu: sahani inakwisha upesi, nakwenda kwa mwingine.

Siku moja nikamkuta kijana mmoja ameketi naye. Alikuwa mtoa tiba kwa vitendo. Wengi tunawachanganya hawa na wa fiziotherapia. Wa fiziotherapia hushughulika zaidi na viungo vipate nguvu na kujongea. Huyu wa vitendo huanzia kwenye shughuli za siku, yaani kula, kuvaa, kuoga, kwenda chooni, na kazi za mikono alizozizoea mtu. Kwetu Tanzania husomea KCMC, Moshi, ambako mafunzo hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni wachache. Katika miaka yangu yote ya wodini sikuwahi kufanya kazi na hata mmoja.

Alianza kwa kuuliza. "Bibi, zamani ukiamka asubuhi ulikuwa unaanza na nini?"

Bibi akafikiri. "Nafagia uwanja. Nachambua maharage, nabandika jikoni, ndipo nakwenda shamba."

Niliona aibu. Faili la bibi yule nalijua: presha, sukari, dawa, choo. Swali lile sikuwahi kumwuliza.

Chakula kilipoletwa nikachukua kijiko kama kawaida yangu. "Sista, naomba umwachie bibi kijiko," akasema kwa upole. Alimkalisha wima, miguu ikakanyaga sakafu, akampa maji kidogo kidogo aone kama hapaliwi. Akazungushia mpini wa kijiko kipande cha mpira wa baiskeli ukawa mnene, rahisi kushika. Chini ya sahani akatandika kitambaa kibichi isiteleze.

Wali ulimwagika kifuani, mezani, sakafuni. Dakika 40! Mara mbili nilinyoosha mkono nimsaidie, mara mbili kijana akanitazama tu. Bibi alipomaliza alijifuta mdomo kwa khanga yake, akasema, "Leo nimekula." Utadhani siku zote nilizomlisha alikuwa ananyimwa!

Mengine aliyoyafanya hayakuwa ya gharama. Kitanda kilikuwa kirefu mno, bibi akikaa miguu inaning'inia. Fundi akaitwa akakipunguza. Njia ya chooni ikawekewa mti wa kushikilia. Blauzi alimfundisha kuanza na mkono mgonjwa wakati wa kuvaa, na kuanza na ule mzima wakati wa kuvua. Hilo la blauzi nilifundishwa chuoni, ila haraka ya wodini ilikuwa imenisahaulisha, kwani kumvalisha mgonjwa ni dakika mbili na kumngoja avae ni kumi.

Mwezi uliofuata tulimkuta na ungo wa maharage mapajani, mkono wa kulia umeushikilia ungo, wa kushoto unachambua. Hakutuitikia salamu upesi. Alikuwa kazini.

Sasa niwaambie ya nyumbani kwangu. Tunaishi na mama mkwe. Mikono inamtetemeka, na siku moja aliunguza mboga, nikamwambia, "Mama, wewe pumzika, dada yupo." Nilidhani ndiyo heshima tunayoamriwa kuwapa wazazi. Akawa anashinda kibarazani. Mchana kucha anasinzia, usiku halali, anatuita. Nilihesabu kuwa ni uzee, na nilikuwa nimefikia hatua ya kutaka kumwombea daktari vidonge vya usingizi. Mimi huyu, muuguzi.

Jumamosi ile niliporudi kutoka kwa wazee nilimpelekea ungo wa mchele.

"Mama, naomba unichambulie."

Akanitazama. "Kwani dada yuko wapi?"

"Yupo, Mama. Nimekuomba wewe."

Hakujibu. Alivuta ungo, akageuka kuufuata mwanga, akaanza. Saa nzima baadaye alikuwa bado anachambua, huku anamweleza dada jinsi mchele wa zamani ulivyokuwa mchafu kuliko huu. Siku hizi mchele na maharage ni vyake, na ole wake atakayeugusa ungo. Usiku bado kuna siku anaita, lakini zimepungua, na habari ya vidonge sijaigusa tena.

Macho yake si yale ya zamani. Jumapili iliyopita tukiwa mezani, Baba watoto alisaga kijiwe kwa jino, kikalia hadi nikakisikia. Akanitazama. Nikamwongezea mchuzi.